Mstari hauna ncha

Vijana wanaojifunza programu hapa Goma wamezoea kusema, "Nimepata ncha za mistari." Kijana anakuonyesha picha ya mtaa iliyopigwa kwa droni, mistari myekundu imeikata kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na chini yake kuna jedwali: mstari wa kwanza unaanzia -863 na kuishia 1117. Picha yenyewe ina upana wa pikseli 800. Pikseli ya -863 iko wapi, ndugu? Labda Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda.

Maana yenyewe ni fupi. Kutambua mistari ni kuiachia programu itafute pikseli zilizojipanga kwa unyoofu. Kwanza inatoa kingo, yaani pikseli ambapo mwanga wa picha unabadilika ghafla, mara nyingi kwa njia ya John Canny ya mwaka 1986. Halafu kila pikseli ya ukingo inaipigia kura mistari yote inayoweza kupita juu yake, na mistari iliyokusanya kura nyingi ndiyo inayotangazwa. Hiyo ndiyo mbinu ya Hough, na mtu akishaelewa kura ameelewa karibu yote.

Vurugu inaanza kwenye kile kinachopigiwa kura. Paul Hough alikuwa mwanafizikia Mmarekani. Hataza yake ilitolewa mwaka 1962, naye alitaka mashine isome picha za chemba ya viputo, ambamo chembe ndogo kuliko atomu huacha nyuzi za viputo zinapopita. Aliueleza mstari kwa mwinamo wake na mahali unapokata mhimili. Njia hiyo inakwama mara moja ukiipa picha ya uwanja wetu wa ndege: njia ya kurukia inaelekea karibu kaskazini na kusini, kwa hiyo kwenye ramani imesimama karibu wima, na mwinamo wa mstari wa wima hauna kikomo. Mwaka 1972 Richard Duda na Peter Hart walipendekeza namba nyingine mbili. Ro ni umbali wa mstari kutoka asili, ambayo kwenye picha huwa ni kona ya juu kushoto. Theta ni pembe ya ule mstari mwingine unaotoka asili na kuukuta wa kwanza kwa digrii 90. Si pembe ya mstari wenyewe, na hili nalo husomwa vibaya kila siku: mstari wa wima kabisa una theta sifuri.

Sasa hesabu. Ro moja, theta moja, namba mbili. Ncha mbili zinahitaji namba nne, mbili kwa kila ncha. Hakuna popote katika ro na theta palipoandikwa mstari unaanzia wapi au unakomea wapi, na `HoughLines`, amri ya kutafuta mistari katika OpenCV, maktaba ya programu za kuchakata picha, inakurudishia hizo mbili tu. Zile -863 na 1117 zimetoka kwenye mfano unaonakiliwa kila mahali: shika nukta ya mstari iliyo karibu zaidi na asili, tembea pikseli 1000 upande huu na 1000 upande ule, kisha chora. Elfu moja imewekwa ili mchoro uvuke picha, basi. Andika 5000 mahali pake uone "ncha" zako zitakavyohama, na picha ni ileile.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilishuka hadi mjini ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia hiyo ya ndege. Rubani alipaswa kujua lami inakomea wapi. Mlinganyo wa ukingo wa lami haujui: unapita juu ya lava, juu ya nyumba za watu, na kuendelea kaskazini bila kusimama. Kinachosimama ni kipande cha mstari, na kukitafuta ni kazi nyingine.

Kazi hiyo hufanywa na `HoughLinesP`, amri nyingine ya OpenCV, inayofuata mbinu iliyochapishwa mwaka 2000 na Matas, Galambos na Kittler. Yenyewe inatembea juu ya mstari ulioshinda, inaokota pikseli zilizopo kweli, na kukupa namba nne. Hizi ni ncha, sawa, ila ni ncha za pikseli zilizoonekana. Kivuli cha wingu kikilala juu ya lami, ukingo unakatika, nawe unapata vipande viwili. Kigezo cha `maxLineGap` ndicho kinachoamua pengo lipi lirukwe: kikiwa 5, kivuli kinakata njia, kikiwa 60, kivuli kinarukwa, lakini na nyufa za lava zilizo mbele zinaweza kuunganishwa na lami kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa michoro ya kalamu iliyoskaniwa kuna njia nyepesi zaidi: punguza kila mstari hadi unene wa pikseli moja, halafu tafuta pikseli yenye jirani mmoja tu kati ya wanane. Hiyo ni ncha, bila kura yoyote.

Kwa hiyo ukiwa umetumia `HoughLines`, sema umepata mistari. Ni kazi ya heshima, haihitaji kupambwa. Ukiwa umetumia `HoughLinesP`, sema umepata vipande, na kando ya kila jedwali la ncha andika `maxLineGap` ilikuwa ngapi, ili anayesoma ajue ni mapengo gani uliyoyaruka.