Bata wa Mtoni na Machotara Wao: Tunavyodhani na Ilivyo Kweli

Asubuhi zangu za Jumamosi huanzia kando ya mto Thames, hapa Reading nchini Uingereza, darubini shingoni. Wapita njia wakiiona husimama kuuliza, na mara nyingi wanamuuliza bata yule yule: dume mkubwa, mweusi, mwenye kifua cheupe kama mtoto aliyefungwa kitambaa cha kunywea uji. Ametoka nchi gani? Ni wa aina gani? Nimeyasikia maelezo mengi juu yake na juu ya wenzake, na mengi si kweli.

"Bata mwenye rangi za ajabu ni ndege adimu aliyepotea njia."

Kwa kawaida ni mtoto wa hapa hapa. Bata wa kila siku wa mto huu ni kichwa-kijani, Anas platyrhynchos. Dume ana kichwa cha kijani kinachometameta, pete nyeupe shingoni na mdomo wa manjano. Jike ni wa kahawia mwenye madoadoa. Karibu bata wote wa kufugwa duniani, hata wale weupe pepepe wa Pekin, wametokana naye. Bata anapotoroka bandani na kukutana na wa mtoni, wote ni spishi moja, kwa hiyo watoto wao si machotara kwa maana kamili ya neno, yaani watoto wa spishi mbili tofauti. Huzaliwa na kila sura: weusi, mabaka mabaka, wenye kifua cheupe, wengine wazito hadi wanaelea wamezama nusu.

Mimi hutazama mkia kwanza. Dume mwenye damu ya kichwa-kijani huwa na manyoya machache ya mkiani yaliyojikunja kuelekea juu, na mkunjo huo hubaki hata rangi nyingine zikibadilika zote. Kisha bawa: doa la buluu lenye mstari mweupe juu na chini. Yule bata mweusi wa Reading ana mkunjo huo, basi nikamwandika "kichwa-kijani mwenye damu ya kufugwa".

Machotara halisi wapo, ila ni wachache zaidi. Kichwa-kijani huweza kuzaa na Mareca strepera, bata wa kijivu mwenye doa jeupe bawani, na mtoto akawa na sura isiyofanana na ya mzazi yeyote. Mwaka 1822 mchoraji John James Audubon alimpata mmoja wa namna hiyo huko Louisiana, akamchora na kumpa jina kama spishi mpya. Baadaye ikajulikana kwamba ni chotara. Tangu niliposoma habari hiyo, nikiona bata nisiyemjua huanza kuuliza wazazi wake wanaweza kuwa nani, kabla sijamtafuta vitabuni.

"Wa kahawia wote ni majike."

Kila Julai naulizwa madume wamehamia wapi. Hawajaenda popote. Msimu wa kuzaliana ukipita, dume hunyonyoka manyoya yake ya fahari na kuvaa ya kahawia kama ya jike. Manyoya ya kurukia nayo humtoka yote kwa wakati mmoja, kiasi kwamba kwa wiki tatu au nne hawezi kuruka kabisa. Kutoonekana ndiyo salama yake. Mtazame mdomo: wa dume hubaki wa umanjano-kijani, wa jike ni wa rangi ya chungwa wenye mabaka meusi. Au msikilize tu. Ule mlio mkubwa unaosikika mto mzima ni wa jike. Dume ana sauti ndogo ya kukwaruza.

Mwezi wa tisa ndio wa hatari kwa anayejifunza. Dume ambaye amerudisha nusu tu ya kijani chake huonekana ana viraka, na wengi humwandika "chotara" daftarini. Rudi baada ya wiki chache umtazame tena.

"Chotara ni kama nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi: hazai."

Inategemea wazazi wana undugu wa karibu kiasi gani. Yule bata wa uani tuliyekua naye Afrika Mashariki, mwenye vinundu vyekundu usoni na asiyepiga kelele, hatoki kwa kichwa-kijani hata kidogo. Ni Cairina moschata, na asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Akizaa na bata wa Pekin, watoto hupendwa na wafugaji kwa nyama, lakini ni tasa. Bata wa jenasi ya Anas, yaani kundi la kichwa-kijani na ndugu zake, wana undugu wa karibu zaidi, na machotara wao wengi huzaa vizuri. Uzazi ukikwama, kwa ndege huanza kukwama kwa majike, kwa kuwa kwao jike ndiye mwenye kromosomu za jinsi (nyuzi za urithi zinazoamua dume au jike) zisizofanana. Kwa mamalia ni kinyume.

"Bata bukini wa Misri ni chotara."

Si kweli. Alopochen aegyptiaca ni spishi kamili ya Afrika, aliyeletwa Uingereza karne ya 17 kuwa pambo la bustani. Nikimwona Thames hufurahi kama niliyekutana na mtu wa kwetu.

"Wakichanganyika, hakuna anayeumia."

Hili ndilo linaloniuma. Mwaka 1948 bata wekundu wa Amerika Kaskazini waliletwa Slimbridge, hapa Uingereza, kwenye kituo cha ndege wa maji cha Peter Scott. Baadhi walitoroka, na kufikia mwaka 2000 walikuwa kama 6,000 Uingereza. Wengine wakafika Hispania, ambako binamu yao, bata kichwa-cheupe, alikuwa amebaki ndege 22 tu mwaka 1977 na ndiyo kwanza anaanza kuongezeka kwa ulinzi mkali. Wakazaa naye machotara, na machotara nao wakazaa, hadi bata kichwa-cheupe halisi akawa hatarini kutoweka. Mwaka 2005 Uingereza ikaanza mpango wa kuwamaliza bata wekundu. Waliuawa kwa maelfu, na kosa lilikuwa la waliowaleta.

Afrika Kusini jambo hilo linaendelea: vichwa-kijani walioachiwa kwenye mabwawa ya mapambo wanazaa na bata mdomo-njano, Anas undulata. Ni spishi ile ile inayoelea Naivasha na kwenye mabwawa ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Dume na jike wa mdomo-njano hufanana, mkia wao haujikunji, na kichwani hakuna kijani hata chembe. Ukimkuta mwenye mkia uliojikunja au kichwa kinachong'aa kijani, huenda ni chotara: mpige picha ubavuni, mkiani, na bawa likiwa limekunjuka.