Damu ya bandia kwenye seti ya filamu ya kutisha na kuchekesha

Anayetengeneza filamu ya kutisha tupu anaweza kumwaga damu mara moja, akapata shoti yake na kuhamia sini nyingine. Vichekesho vikiingia humo, mambo yanageuka. Kicheko kinataka kurudiwa: huyu achelewe kidogo kugeuka, yule amkatize mwenzake mapema zaidi, mpaka wakati ukae sawa. Damu nayo haitaki kurudiwa, maana kila ikimwagika shati limeharibika, nywele zinataka kuoshwa, ukuta unataka kufutwa, na saa nzima imekwenda. Sehemu kubwa ya kazi ya nyuma ya kamera kwenye filamu hizi ni kupatanisha mambo hayo mawili, na mzigo wake unatuangukia sisi wa meki-apu na damu.

Nianze na damu yenyewe. Mchanganyiko wangu wa msingi ni lita 1 ya glukosi nzito, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki, vijiko 2 vya chakula vya kakao, rangi nyekundu ya chakula kama mililita 30, na matone 3 hadi 5 ya rangi ya bluu. Kakao ikorogwe kwanza pembeni kwa mililita 100 za maji ya uvuguvugu, kisha ichujwe kwa kitambaa cha soksi ndefu za kike. Ukiitia kavu itafanya madonge, na donge moja linatosha kuziba mrija katikati ya teki, yaani rudio moja la shoti. Kazi ya kakao ni kuifanya damu isipitishe mwanga. Bila hiyo utaona ngozi chini yake, na kamera itaonyesha mtu aliyemwagikiwa Vimto. Ukikosa glukosi, chemsha kilo 1 ya sukari kwa nusu lita ya maji na ukamulie nusu limau. Limau linapunguza ile hali ya sukari kurudi chembechembe inapokauka, ikaacha vidoa vyeupe shingoni kwa mwigizaji.

Tengeneza vyombo viwili tofauti, kila kimoja na maandishi makubwa. Damu ya nguo inatiwa kijiko 1 cha sabuni ya maji ya vyombo kwa kila lita, ili doa litoke kwa urahisi. Damu ya mdomoni haitiwi chochote kisicholiwa. Mpambaji wa Marekani Dick Smith, ambaye kanuni yake imezaa nyingi tunazotumia leo, aliongeza Photo-Flo, kimiminika cha Kodak cha kazi za kusafisha filamu, ili damu itambae kwenye ngozi badala ya kujikusanya matone. Ilipendeza mbele ya kamera, lakini Photo-Flo ni sumu, kwa hiyo damu ile haikufaa kuingia mdomoni. Ukinakili kanuni kutoka intaneti, soma kila kilichomo.

Joto la pwani lina adabu zake. Glukosi inalegea mchana na kukaza kwenye chumba chenye kiyoyozi, kwa hiyo uzito wa damu upimwe palepale inapopigwa shoti. Iliyochanganywa na maji huanza kuchacha upesi. Iweke kwenye friji, na iliyolala nje usiku kucha imwage. Nzi, nyuki na sisimizi watakuja tu. Funika ndoo, na mwigizaji anayelala sakafuni akiwa maiti awekewe feni mpaka dakika ya kamera kuwaka.

Rangi iamuliwe mbele ya kamera, chini ya taa zitakazotumika. Kwenye taa za bluu za kuigiza mbalamwezi, damu nyekundu iliyokolea inakuwa nyeusi kabisa, na mtazamaji anadhani ni oili chafu. Hapo punguza kakao, acha bluu, ongeza nyekundu. Kwa sini ya kuchekesha mimi napendelea damu angavu kuliko ya kweli, na nyingi kuliko mwili unavyoweza kutoa. Kidonda kidogo chenye uhalisia kinamuumiza mtazamaji na kicheko kinakufa. Ndoo nzima iliyotoka kwenye kidole kilichochanika inampa ruhusa ya kucheka. Nikiona mwongozaji anabana damu kwenye sini ya vichekesho namwambia mapema, kabla hatujashona nguo.

Sasa mtambo wa kurusha, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwa mruko mdogo tunatumia bomba la sindano la mililita 60 lisilo na sindano, likiungwa na mrija laini wa plastiki. Kwa mruko mkubwa tunatumia bomba la mkono la kupulizia dawa la lita 5. Linunuliwe jipya, lililowahi kubeba dawa ya wadudu halisafishiki kiasi cha kumwagia mtu usoni. Ng'oa ncha ya kunyunyiza ili damu itoke kwa mkondo.

Kosa la kawaida ni mrija mtupu. Mrija wa mita 3 wenye upana wa ndani wa milimita 6 unameza takriban mililita 85 kabla tone la kwanza halijatoka. Bomba la sindano la mililita 60 linaishia lote humo ndani: mwigizaji ameshapiga yowe, ameshaanguka, na damu haijafika. Jaza mrija kwanza mpaka damu ionekane mwishoni, toa mapovu ya hewa kwa kuupiga kidole ukiwa umeuinua, kisha ubane kwa kibanio karibu na ncha. Povu la hewa linaminyika, kwa hiyo damu inachelewa halafu inatoka kwa kupiga chafya. Mrija upite upande usioonekana na kamera, ushikwe kwa plasta ya hospitali kila sentimita 10, na ncha ikatwe mshazari ili ilale kwenye ngozi.

Kwa bomba la lita 5, hesabu mipigo ya mpini. Kama mipigo 15 ilifikisha damu kifuani, teki ya pili iwe 15 tena, na damu irudishwe ujazo uleule. Damu ikipungua, hewa inaongezeka ndani, na mipigo ileile inaleta msukumo mdogo. Kamwe usielekeze mkondo kwenye jicho. Jaribu kwanza kwenye kiganja chako kwa umbali uleule. Chupa ya maji ya chumvi ya kuoshea macho iwe mfukoni kwa msaidizi, si kwenye gari.

Mazoezi ya wakati tusifanye kwa maji matupu. Maji yanakimbia kwenye mrija, damu inatambaa, na mwigizaji aliyezoea maji ataitikia mapema. Tumia glukosi ileile bila rangi wala kakao: kasi inakaribiana, na shati linafulika kwa maji ya baridi. Anayebonyeza asisubiri neno la mwisho la sentensi, afuate tendo la mwili, kwa mfano bega likigusa mlango. Waigizaji wazuri wa vichekesho hubadilisha maneno kila teki, lakini hatua zao hazibadiliki sana.

Ratiba inafuata damu. Shoti zote safi zipigwe kwanza, pamoja na nyuso za wasikilizaji na upande wa pili wa mazungumzo, hata kama kwenye skripti zinakuja baadaye. Mwongozaji achekeshe mpaka aridhike huku watu wakiwa wasafi, ndipo damu iingie. Kwa mhusika anayemwagikiwa naomba mashati 4 yanayofanana: la usafi, mawili ya teki, na moja lililokwisha kuchafuliwa kwa sini zinazofuata. Hilo la mwisho lichafuliwe siku iliyotangulia kwa rangi ya nguo isiyotoka, kwa kuiga picha, maana damu ya sukari hubadilika ikikauka. Mtunza mwendelezo, yule anayehakikisha shoti zinafanana, apige picha mbele, nyuma na pande zote mbili kila baada ya teki.

Vidonda vya jelatini ni rahisi kupika: jelatini, gliserini na maji kwa vipimo sawa. Ila kwenye jua na chini ya taa vinalegea na kuteleza shavuni. Vitumie kwa shoti fupi za ndani. Kwa siku nzima nje, silikoni inastahili gharama yake. Mpira wa lateksi ujaribiwe kwenye mkono wa mwigizaji saa 24 kabla, kwani wapo wanaovimba. Ngozi ipakwe mafuta ya mgando kidogo kabla ya damu, na mwisho wa siku povu la kunyolea ndevu linatoa wekundu vizuri kuliko sabuni.

Kabla ya kupiga shoti usiku, kibali cha Bodi ya Filamu kwa Tanzania, au cha Kenya Film Classification Board kwa Kenya, hakitoshi. Nenda serikali ya mtaa, nenda kituo cha polisi cha karibu, na mjulishe kila nyumba inayosikia. Watu wanaosikia yowe usiku huja kusaidia, na huja na marungu. Neno "mwizi" lisipigwe kelele kwenye lokesheni ya wazi hata kama limo kwenye skripti. Lirekodiwe ndani, baadaye. Mwigizaji mwenye damu asivuke kwenda dukani wala kupanda bodaboda bila kujifunika koti au kanga.

Sakafu ya vigae ikipata glukosi inateleza vibaya sana. Anayekimbia awekewe mkeka wa mpira pale ambapo kamera haioni, na nyayo zake zibandikwe sponji ngumu. Damu ikianza kukauka inanata, na kila hatua inatoa sauti ya kubanduka. Mtu wa sauti atalalamika, kwa hiyo futa kati ya teki.

Ukuta wenye rangi nyeupe ya maji hunywa wekundu. Ukipaka nyeupe juu yake moja kwa moja, doa linachungulia tena baada ya kukauka. Paka kwanza andakoti ya mafuta, ikauke, kisha rangi. Ndoo ya rangi ya mwenye nyumba inunuliwe kabla ya siku ya kwanza, ili ilinganishwe na ukuta ungali safi.