Acheni kung'oa okidi za Kitulo, na mengine mnayodanganyana kuhusu maua

Mvua zimeshika, Kitulo, hifadhi yetu ya maua huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, inachanua, na maswali ni yale yale ya kila msimu. Natembeza wageni kwenye maua, ndo kazi yangu, kwahiyo naandika hapa mara moja ili nisiendelee kubishana na kila mtu anayeshuka kwenye gari. Naanza na hili linaloniumiza kuliko yote.

"Nang'oa kamche kamoja tu nikakaoteshe nyumbani."

Hapana jamani. Ni hifadhi ya taifa, TANAPA hawaruhusu kutoa mmea, hilo mnalijua, ila hata sheria isingekuwepo hako kamche hakafiki mbali. Okidi nyingi za Kitulo ni za ardhini, sio zile za kushikilia magome ya miti. Chini ya shina kuna viazi viwili, kimoja kimesinyaa na kulegea, hicho ndo kinalisha ua unaloliona leo, na kingine kigumu kimejaa, hicho ndo ua la mwakani. Ukivuta shina kwa mkono linakatika, ukichimba unajeruhi vyote viwili, na hata ukivitoa salama bado umeiacha nyuma kuvu ya kwenye udongo ule ambayo okidi inaishi nayo. Mbegu zenyewe ni vumbi, ganda la mbegu likikauka likapasuka upepo unazichukua zote, na hazina akiba yoyote ya chakula ndani, bila kuvu inayozifaa kuingia na kuzilisha hakuna kitakachoota. Sasa wewe unaipeleka Tabata, Dar, kwenye ndoo ya mboji, wakati imezoea mita 2,600 hivi juu ya bahari na usiku wa kutetemeka, unategemea nini?

Alafu nikishasema hayo yote najibiwa, "Lakini kaka, si yapo mengi, ona bonde zima!" Dada yangu, hilo ndo neno linalonitoa machozi. Zambia nako yalikuwa mengi. Kule viazi vya okidi vinasagwa vikapikwa na unga wa karanga, wanaita chikanda, kinakatwa vipande kama mkate na watu wanakipenda sana, okidi za kwao zikapungua wakaanza kununua za kwetu, magunia yakawa yanashuka toka huku nyanda za juu kusini yanavuka mpaka. Okidi za jamii ya Disa, Satyrium, Habenaria, zote zinaingia gunia moja. Na mchimbaji hataki kile kilichosinyaa, anataka kigumu, yaani anachukua mwaka ujao. Hiyo biashara ni moja ya sababu kubwa Kitulo ikatangazwa hifadhi mwaka 2005, na okidi zote duniani ziko kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, kuvusha bila kibali ni kosa. Kwahiyo usiniambie kamoja tu, maana gari lina watu saba na kila mmoja ana kamoja kake.

Kukata ua peke yake nako ni vile vile, umekata mbegu za mwaka huu, na litanyauka kabla hamjafika Chimala huko chini. Piga picha. Na ukipiga, lala chini kabisa kwenye nyasi, piga ua, piga jani, piga na shina linapotokea ardhini, maana watu wananitumia picha ya ua tupu wanataka niwatajie jina na bila jani mara nyingi haiwezekani.

"Nitakuja Juni, kukikauka." Utakuta nyasi. Maua yanafuata mvua, yanaanza mwishoni mwa Novemba yanaenda mpaka Aprili, na Juni mpaka Agosti asubuhi unaweza kukuta sakitu, yaani umande ulioganda, nyeupe juu ya majani. Najua mvua inasumbua, zile kona 57 za kutoka Chimala kupanda Matamba zinateleza, njoo na gari inayovuta magurudumu yote manne, gambuti, na koti zito. Acheni kuja na kandambili.

"Haya maua walipanda Wazungu." Hili sijui linatoka wapi, labda ni kwasababu ramani za zamani zinapaita Elton, jina la Mwingereza aliyepita huku karne ya 19. Hakuna aliyepanda. Mashamba ya ngano na kondoo yaliyoletwa baadae yalilima na kulisha juu ya maua yaliyokuwepo tayari, na ipo mimea hapa ambayo nje ya milima hii huipati kokote duniani. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, wako sahihi kabisa.

"Lile jekundu na lile la njano ni maua mawili tofauti." Mnaongelea Kniphofia, lile lililosimama kama mwenge. Ni moja. Vimaua vya juu ni vyekundu bado havijafunguka, vikifunguka vinageuka njano, na vinafunguka kuanzia chini kupanda. Subiri hapo dakika chache bila kelele, chozi, yule ndege mdogo, atakuja kunyonya.

"Kutembea kwa miguu hakuruhusiwi, kuna simba." Hii sio Ruaha. Simba na tembo hawapo, unatembea na mwongozaji siku nzima, na ukibaki ndani ya gari umelipa kiingilio kuona robo tu, maana Satyrium nyingi ni fupi, zimejificha kwenye nyasi na sehemu zenye majimaji. Ila fuateni njia iliyokanyagwa, mmoja nyuma ya mwenzake, msitawanyike bondeni kutafuta sehemu ya kupigia selfi, kile kiazi cha mwakani kiko chini kidogo tu ya hapo unapokanyaga.