Kuasili mtoto: ofisi kwanza, mtoto baadaye

Wanandoa wengi wanaofika ofisi ya ustawi wa jamii kuulizia kuasili, yaani kumfanya mtoto wa mwingine awe wao kisheria, huwa wameshamchagua mtoto kichwani. Wamemwona kwenye makao ya watoto walipopeleka mchele na sabuni wakati wa sikukuu, au muuguzi amewanong'oneza kwamba kuna binti amejifungua na hamtaki mtoto. Hapo ndipo mambo huanza kuharibika, kwa kuwa utaratibu wa Tanzania unakwenda kinyume chake: familia inachunguzwa kwanza, ikikubaliwa ndipo linapofunguliwa suala la mtoto yupi.

Sheria inayotawala jambo hili Tanzania Bara ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Wanandoa wanaweza kuomba kwa pamoja, mradi angalau mmoja wao awe na umri usiopungua miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Hesabu hii ya pili huwakwamisha wanandoa vijana. Mume wa miaka 27 na mke wa miaka 25 hawawezi kuasili mtoto wa miaka 8, lakini wa miaka 5 wanaweza. Ndugu wa mtoto amewekewa masharti mepesi zaidi ya umri: awe tu ametimiza miaka 18. Kwa hiyo anayetaka kumchukua mtoto wa marehemu dada yake aseme mapema kwamba ni ndugu.

Mlango wa kuingilia ni Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri mnakoishi. Hakuna haja ya kupanda basi kwenda Dodoma. Maombi yenu yatafika kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii kupitia kwake. Nendeni wote wawili. Mke akija peke yake mara tatu mfululizo, huku mume "yuko safarini", ofisa ataanza kujiuliza nani hasa anamtaka mtoto, na ana haki ya kujiuliza.

Nyaraka zinazohitajika kwa kawaida ni barua ya maombi, utambulisho wa serikali ya mtaa au kijiji, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, vitambulisho vya taifa, uthibitisho wa kipato, taarifa ya daktari na picha. Kinachochelewesha mafaili mara nyingi ni majina. Cheti cha ndoa kinasema Rehema, kitambulisho kinasema Rehema Juma, na cheti cha kuzaliwa kina jina la ubatizo ambalo hata mume halijui. Pangeni karatasi zote mezani mzisome herufi kwa herufi kabla ya kwenda, na palipo na tofauti mfuateni wakili au hakimu kwa hati ya kiapo. Mkisubiri mahakama ndiyo iligundue kosa, mtarudi nyuma hatua nyingi.

Baada ya hapo ofisa atakuja nyumbani. Watu hupaka rangi kuta na kuazima makochi, jambo lisilo na maana. Haangalii utajiri. Anaangalia mtoto atalala wapi, nani atashinda naye mchana, kipato ni cha kutegemewa au la, na zaidi ya yote wanaoishi humo ndani wanasemaje. Mama mkwe anayeita mtoto wa kuasiliwa "wa kuokota" anaweza kuharibu kila kitu, kwa hiyo maongezi ya ukoo yafanyike kabla ya ziara. Mtaulizwa pia kuhusu ndoa yenu na kuhusu uzazi. Kama bado mko katikati ya matibabu ya kutafuta mimba, semeni ukweli. Hilo haliwanyimi haki ya kuomba, ila ofisa atataka kujua mtoto huyu atabaki na nafasi gani mimba ikishika.

Sasa turudi kwa yule muuguzi. Kumchukua mtoto wodini kisha kumwandikisha kana kwamba ninyi ndio mliomzaa ni kutoa taarifa za uongo kwa msajili, nalo ni kosa la jinai. Mkilipa fedha ili mpewe mtoto, mnaweza kujikuta kwenye kesi ya usafirishaji haramu wa binadamu. Cheti cha namna hiyo huonekana safi hadi siku mama mzazi atakapobisha hodi, au ndugu wa mume watakapohoji urithi. Mzazi akijulikana, ridhaa yake hutafutwa kwa utaratibu wa sheria na kufikishwa mahakamani. Mkiokota mtoto aliyetupwa, mpelekeni polisi, ichukuliwe RB (namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi), na ustawi wa jamii wajulishwe. Kumwokota hakuwapi haki ya kuwa wazazi wake.

Mkishakubaliwa na mtoto kupatikana, huja kwanza kwa malezi ya kambo, yaani mnamlea kwa muda kabla hajawa wenu kisheria. Lazima akae mikononi mwenu kwa miezi 6 mfululizo kabla ya amri ya kuasili kutolewa. Siku ya kumpokea, ombeni kadi yake ya kliniki na muisome hapohapo. Je, chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zimejazwa? Ya surua na rubela ya miezi 9 je? Ulizeni pia kipimo cha VVU kilifanyika lini na ni cha aina gani. Kwa mtoto wa chini ya miezi 18, kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha kingamwili za mama tu, kwa hiyo majibu "chanya" hayathibitishi kwamba mtoto ameambukizwa. Huhitajika kipimo cha PCR kinachotafuta kirusi chenyewe. Kuna wanandoa wanaokimbia kwa hofu kwa sababu hakuna aliyewaeleza jambo hili.

Wiki za mwanzo mtoto aliyelelewa makaoni anaweza kuficha mkate chini ya mto, au kutolia kabisa hata akianguka. Utulivu huo msiusifie. Amezoea kulia bila kuja mtu. Mchukueni akianguka, na chakula kiwepo kwa saa zilezile kila siku.

Kwa Waislamu, kulea yatima ni thawabu kubwa lakini nasaba haibadilishwi, na mtoto wa kulea si mrithi kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu. Anaweza kuachiwa kwa wasia usiozidi theluthi moja ya mali. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto yake ya mwaka 2011, inayotambua kafala, yaani kumlea mtoto bila kubadilisha nasaba yake. Zungumzeni na sheikh mnayemwamini kabla ya kujaza fomu.

Miezi 6 ikitimia na taarifa za ofisa zikiwa nzuri, wakili huandaa maombi kwenda Mahakama Kuu. Shauri husikilizwa faraghani, na mtoto mwenye umri wa kuelewa huulizwa maoni yake. Gharama mtakazobeba ni za wakili na ada za mahakama. Mtoto hana bei, na anayewadai "mchango" ili awape mtoto aripotiwe. Amri ikitoka hupelekwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, kwenye rejista ya watoto walioasiliwa. Rejista hufuata kilichoandikwa kwenye amri, kwa hiyo someni jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa kwenye amri hiyo kabla hamjatoka mahakamani.