John McEnroe: Hasira haikuwa sehemu ya kipaji

Wazazi na makocha wanaokuja kwetu katika saikolojia ya michezo huwa na swali moja ambalo kila mmoja hulizungusha kwa namna yake: mtoto ana kipaji lakini ana hasira, je, tukimkanya hatutamzimia moto wake? Wakishauliza, wengi hutaja jina la John McEnroe, mchezaji tenisi wa Marekani. Yule, wanasema, aligombana na waamuzi na kuvunja raketi, na bado akawa namba moja duniani. Jina hilo nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba naona vyema nieleze kwa kirefu, maana ukiisoma rekodi yake bila haraka utaona inamkanusha anayeitumia kama utetezi.

Tuanze na kipaji, kwa sababu hakina ubishi. McEnroe alizaliwa mwaka 1959 huko Wiesbaden, Ujerumani, ambako baba yake alikuwa askari wa jeshi la anga la Marekani, kisha akakulia Queens, New York. Mwaka 1977, akiwa na miaka 18, aliingia Wimbledon, mashindano makuu ya tenisi ya Uingereza, kupitia hatua ya mchujo na kufika nusu fainali, ambako alitolewa na Jimmy Connors. Baadaye alitwaa US Open, mashindano makuu ya Marekani, mara nne (1979, 1980, 1981 na 1984) na Wimbledon mara tatu (1981, 1983 na 1984). Alishinda mataji 77 ya mchezaji mmoja mmoja na zaidi ya 70 ya wawili wawili, na alikaa kileleni mwa orodha ya ubora kwa jumla ya wiki 170. Alikuwa mashoto, na alipoanzisha mpira alisimama karibu amempa mpinzani mgongo, hata ikawa vigumu kujua mpira utaelekea wapi. Lakini kilichomtenga na wenzake hasa ni wepesi wa mkono. Akiwa karibu na wavu, mpira uliokuja kama risasi aliuua nguvu na kuuangusha upande wa pili ukiwa hauna haja ya kwenda mbali zaidi.

Mkono wa namna hiyo huishi kwa ulegevu. Mtu anapokasirika, mwili hujiandaa kwa mapambano: moyo huenda mbio, misuli hukaza, vidole hubana mpini wa raketi, na macho humng'ang'ania aliyemkosea badala ya mpira unaofuata. Mchezaji anayetegemea mabavu anaweza kuvumilia hali hiyo kwa muda. Anayetegemea mguso mwepesi hupokonywa silaha yake ya kwanza. Kwa hiyo, katika wachezaji wote, McEnroe ni mfano mbaya kuliko wote wa kudai kwamba hasira ni mafuta ya kipaji.

Tukio linalojulikana zaidi ni la Wimbledon mwaka 1981, raundi ya kwanza dhidi ya Tom Gullikson. Mpira wake uliitwa nje. Yeye akashikilia kwamba chaki ya mstari iliruka, maana yake mpira uliugusa, na akamfokea mwamuzi Edward James kwa maneno ambayo watu bado wanayakumbuka. Inawezekana kabisa alikuwa na haki kuhusu ule mpira. Jicho lake lilikuwa kali. Siku hizi ubishi wa aina hiyo huamuliwa na kamera, na Wimbledon yenyewe iliwaondoa waamuzi wa mistari mwaka 2025. Lakini kuwa na haki na kuitetea haki kwa kufoka ni mambo mawili. Mwaka ule alitwaa ubingwa, tena kwa kumvua taji Björn Borg wa Uswidi aliyekuwa ameshinda mechi 41 mfululizo kwenye nyasi zile, na bado klabu inayoandaa Wimbledon ikakataa kumpa uanachama wa heshima ambao kwa desturi mabingwa hupewa.

Hapo mtetezi wa hasira atasema: unaona, alishinda hata hivyo. Basi tuutazame mwaka 1984.

Ulikuwa msimu wake bora, na mmoja wa misimu bora ambayo mwanamume yeyote amewahi kuwa nayo katika tenisi: mechi 82 alizoshinda, tatu tu alizopoteza. Katika fainali ya Wimbledon alimfunga Connors 6-1, 6-1, 6-2 kwa muda wa kama saa moja na dakika 20. Ukiitazama mechi hiyo leo utamwona mtu aliyetulia, anayefanya kazi yake. Hakuna kelele ya kukumbuka. Wiki chache kabla ya hapo, kwenye fainali ya mashindano makuu ya Ufaransa huko Paris, alikuwa hajafungwa hata mechi moja mwaka ule, na alikuwa anamwongoza Ivan Lendl kwa seti mbili kwa bila. Katika seti ya tatu akakerwa na sauti iliyokuwa ikitoka kwenye kifaa cha masikioni cha mpiga picha wa televisheni kando ya uwanja. Akamwendea, akakishika kile kifaa na kupiga kelele ndani yake. Lendl alishinda 3-6, 2-6, 6-4, 7-5, 7-5. Sisemi kelele ile peke yake ndiyo iliyomwangusha. Lendl alikuwa na pumzi zaidi, na mpira wake ulizidi kuwa mzito kadiri mechi ilivyorefuka. Lakini umakini aliokuwa nao kwa seti mbili aliuacha pale kando ya kamera. Ubingwa wa Paris hakuupata kamwe maishani, na mwenyewe amekiri kwamba mechi hiyo bado inamuumiza.

Kwa haki niseme na hili: mwishoni mwa mwaka huohuo, huko Stockholm, alimfokea mwamuzi, akapiga kwa raketi vinywaji vilivyokuwa kando ya uwanja, kisha akageuza mechi na kushinda. Hasira haimwangushi mtu kila siku, na ndiyo maana hudanganya. Baada ya Stockholm alifungiwa siku 21.

Kisha tunafika Melbourne, kwenye mashindano makuu ya Australia, Januari 1990, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu kuna somo la kanuni ambalo wachezaji wengi wachanga hawalijui. McEnroe alikuwa raundi ya nne dhidi ya Mikael Pernfors wa Uswidi, anaongoza kwa seti mbili kwa moja. Mwamuzi Gerry Armstrong alimpa onyo kwa kumtishia mwamuzi wa mstari, kisha akamkata pointi kwa kuibamiza raketi chini. McEnroe akaendelea kubishana, akadai aitwe msimamizi, na alipoona hasikilizwi akatukana. Matokeo yakatangazwa: ameondolewa mashindanoni. Tangu mwaka 1963 hakuna mwanamume aliyekuwa ameondolewa katika mashindano makuu kwa utovu wa nidhamu.

Kosa lake la mwisho lilikuwa la hesabu. Hadi mwaka uliotangulia ngazi za adhabu zilikuwa nne: onyo, kukatwa pointi, kukatwa gemu (mkusanyiko wa pointi; gemu kadhaa hufanya seti), ndipo kuondolewa. Mwaka 1990 ngazi ya gemu iliondolewa, zikabaki tatu. McEnroe alidhani bado ana ngazi moja ya kukanyaga. Hilo linatuambia jambo zito: alikuwa akihesabu. Mtu ambaye hasira imemtoa kabisa akilini hahesabu ngazi zilizobaki.

Kanuni za leo zimelegea kidogo. Kosa la kwanza ni onyo, la pili pointi, la tatu gemu, na baada ya hapo mwamuzi mkuu ndiye anayeamua kama mchezaji ataondolewa. Lakini kosa moja zito linatosha kumwondoa mtu bila kupitia ngazi yoyote. Septemba 2020, kwenye US Open, Novak Djokovic aliupiga mpira nyuma kwa kuudhika, bila kumlenga mtu, ukampiga mwamuzi wa mstari kooni. Safari yake iliishia hapo. Hakuna aliyesema alikusudia, na kanuni haikuhitaji awe amekusudia.

Turudi kwa kule kuhesabu, maana ushahidi mkubwa zaidi uko kwa Borg. Walikutana mara 14, kila mmoja akashinda saba, na katika mechi hizo McEnroe hakuonyesha fujo aliyoionyesha kwa wengine. Katika fainali ya Wimbledon ya 1980 watazamaji walimzomea alipoingia uwanjani, kwa sababu ya ubishi wake na waamuzi kwenye nusu fainali. Akacheza seti tano, na katika taibreka (pointi za kuamua seti iliyofungana) ya seti ya nne, yenye pointi 34, akazuia moja baada ya nyingine pointi ambazo zingempa Borg ubingwa. Alipoteza, lakini waliomzomea wakampigia makofi. McEnroe amesimulia kwamba mapema katika upinzani wao, siku moja alipoanza kupandwa na hasira, Borg alimwita wavuni. Alidhani anaitwa kugombezwa. Borg alimwambia tu atulie, kwamba mechi yao ni nzuri.

Mtu huyohuyo, mkono uleule, mistari ileile. Kilichobadilika ni heshima aliyokuwa nayo kwa aliyesimama upande wa pili. Kinachoweza kuzuiwa mbele ya Borg kinaweza kuzuiwa mbele ya mtu yeyote, mradi mtu afundishwe, na kufundishwa kwenyewe hakufanyiki siku ya mechi. Ndiyo maana nawaomba makocha wafanye jambo ambalo wachezaji hulichukia mwanzoni: katika mazoezi, itangaze nje mipira michache iliyoingia ndani. Usieleze kwa nini. Mchezaji ana sekunde 25 kabla ya pointi inayofuata. Ageuze mgongo, anyooshe nyuzi za raketi, atoe pumzi kwa taratibu, alegeze vidole, arudi kwenye mstari. Akishindwa, zoezi linaanza upya. Fanyeni hivyo kila wiki, na anzeni akiwa bado mdogo.