Demo si makombo: kuhusu Deadly Relics ya Artillery

Nimeletewa tena kauli ile ile, kwamba albamu inayokusanya rekodi zilizobaki ni makombo ya bendi, yaani nyimbo zilizoshindwa kuingia kwenye albamu rasmi. Safari hii imeelekezwa kwa Deadly Relics, mkusanyiko wa demo (rekodi za majaribio) za Artillery, bendi ya Denmark inayopiga thrash, aina ya metali yenye kasi kubwa, na kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kuhamisha sauti kutoka kwenye kanda kuingia kwenye kompyuta, sikuweza kunyamaza.

Makombo hupatikana watu wakishakula. Demo hurekodiwa kabla ya karamu. Artillery walianza mwaka 1982 huko Taastrup, karibu na Copenhagen, na Fear of Tomorrow, albamu yao ya kwanza, ilitoka mwaka 1985. Katika miaka ile ya kusubiri, demo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe, ikitumwa kwa kampuni za muziki na kunakiliwa na mashabiki wa thrash waliobadilishana kanda kwa posta. Demo yao moja ya mwaka 1984 iliitwa Deeds of Darkness, na wimbo wenye jina hilo umo ndani ya Fear of Tomorrow; sasa umeshindwa wapi? Deadly Relics ilitoka mwaka 1998, miaka minane baada ya albamu yao By Inheritance.

Linaloniudhi zaidi ni lalamiko la pili, kwamba fundi wa sauti alipaswa kuondoa ule mvumo wa kanda, yaani ile sauti ya “sss” inayosikika nyuma ya muziki. Mvumo huo unakaa kwenye masafa yale yale ya matoazi na mkwaruzo wa kipiki, kile kidude cha kupigia gitaa, juu ya nyuzi, na katika thrash mkwaruzo huo ndio unaokuwezesha kutofautisha noti moja na inayofuata. Ukiufuta mvumo kwa pupa, gitaa linageuka uji. Kabla ya kugusa programu yoyote, mimi huchukua bisibisi ndogo na kuzungusha skrubu ya kichwa cha deki, yaani sehemu ya mashine inayosoma kanda, taratibu sana, huku nikisikiliza hi-hat (matoazi mawili ya ngoma yanayogongana) peke yake, kwa sababu kichwa kikiinama kidogo tu, sauti za juu hupotea. Hi-hat ikifunguka, kazi kubwa imekwisha, na mara nyingi huo mvumo hauhitaji kuguswa tena.

Kasi ya kanda, ambayo hupandisha au kushusha noti, ndiyo inayoninyima usingizi. Kaseti inapaswa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, lakini deki nyingi za nyumbani hazikuwa sahihi kiasi hicho. Kwa kanda za Ulaya mimi hutafuta mngurumo mzito wa umeme, tofauti na ule mvumo wa “sss”, ambao kwao ni hertz 50. Kaseti moja ya bendi nyingine ilinionyesha mistari miwili kwenye mchoro wa masafa: mmoja wa 50 kamili, ambao ni wa umeme wa vifaa vyangu, na mwingine wa 51.5 uliokuwa ndani ya kanda yenyewe. Nikapunguza kasi kwa takriban asilimia 3, magitaa yakashuka karibu robo toni. Hata hivyo mstari ule unasema habari za deki iliyonakili kanda tu, hausemi lolote kuhusu deki zilizoitangulia, kwa hiyo sina hakika kama hivyo ndivyo bendi ilivyopiga. Nimehifadhi faili zote mbili, ya kasi ya awali na niliyorekebisha.