Theluji ya Alps haijui Krismasi

Agosti haijaisha na ujumbe umeshaanza kuingia: "Kaka, tutafutie wiki ya Krismasi huko Alps, maana ndipo theluji imejaa." Wataniuliza bei, wataniuliza viza, wataniuliza kama hoteli ina chakula halali. Hilo la theluji hawaulizi. Wananiambia. Naishi Tirol, mkoa wa milima huko Austria, kazi yangu ni kuwapangia watu likizo za skii, yaani za kuteleza juu ya theluji, na wateja wangu wengi ni Waswahili: wa Nairobi, Dar, Muscat, na waliohamia München na London. Nimelijibu jambo hili kwa simu hadi nimechoka, kwa hiyo leo naliandika lote.

Krismasi ni mwanzo wa msimu. Kilele kiko mbali.

Theluji hujilimbikiza. Oktoba ardhi bado imehifadhi joto la kiangazi, na kinachoanguka chini ya mita 1,500 mara nyingi huyeyuka baada ya siku chache. Novemba inaanza kushika huko juu. Desemba inaongezeka. Januari na mwanzoni mwa Februari ndipo baridi inapokuwa kali kuliko wakati wowote, kwa hiyo kila kinachoanguka kinabaki. Tabaka linapanda juu ya tabaka mpaka jua lipate nguvu ya kuyeyusha kuliko mawingu yanavyoleta. Pale Weissfluhjoch, juu ya mji wa Davos, mita 2,536, Waswisi wanapima kina cha theluji tangu miaka ya 1930. Kilele cha mwaka kwa kawaida huangukia mwishoni mwa Machi au Aprili. Ndiyo, Aprili, wakati mashati ya mikono mifupi yameshatoka kabatini huko mabondeni.

"Lakini Desemba si ndiyo baridi?" Baridi ipo. Baridi bila mawingu yenye unyevu haileti kitu, na Alps inaweza kukaa wiki tatu za Desemba chini ya anga safi, kila asubuhi umande umeganda kwenye vioo vya magari, na miteremko ikabaki na majani makavu. Kisha kuna ule upepo wa joto tunaouita foehn, unaovuka milima kutoka kusini na kushuka kwetu umekauka na kupata moto. Siku mbili za foehn zinatosha kuondoa theluji ya wiki nzima. Tarehe 1 Januari 2023 joto lilivuka nyuzi 20 katika sehemu za Uswisi zilizo kaskazini mwa Alps. Wiki hiyo hiyo, mashindano ya Kombe la Dunia la skii kule Adelboden, Uswisi, yalifanyika juu ya mkanda wa theluji ya mashine, pembeni nyasi tupu.

Huo mkanda nataka muuone vizuri, maana ndio mnaoulipia. Upana wake ni kama barabara ya lami ya njia mbili. Asubuhi umesawazishwa vizuri na unang'aa. Kufikia saa tano kila aliye mlimani yuko juu yake: wenye kasi, watoto wa darasa la skii, baba ambaye jana ndiyo alivaa skii mara ya kwanza. Theluji laini inasukumwa pembeni na kila anayekata kona, katikati panabaki pagumu penye rangi ya kijivu, na hapo ndipo anayejifunza anapoanguka, anainuka, anaanguka tena. Akitoka nje ya mkanda kwa mita moja anakutana na mawe. Mtu akinieleza kwamba alijaribu skii mara moja "na si mchezo wa kwetu", namuuliza alienda mwezi gani. Mara nyingi sihitaji kusubiri jibu.

Na msiniambie habari ya mizinga ya theluji kama vile ni bomba la kufungua. Mizinga hurusha maji yagande yakiwa hewani, na hilo linahitaji hewa yenye baridi na iliyo kavu. Hewa ikiwa kavu, unaweza kutengeneza theluji hata joto likiwa karibu na sifuri. Ikiwa na unyevunyevu, utasubiri lishuke nyuzi kadhaa chini ya hapo. Foehn ikivuma, mizinga inazimwa. Yaani msaada unakosekana siku zile zile unapohitajika zaidi.

Sasa jambo linaloniudhi kuliko hata Krismasi: urefu wa mlima. Mtu anasoma kipeperushi, anaona mita 3,842, anafunga mjadala. Hiyo ni Aiguille du Midi, juu ya Chamonix. Mji wenyewe uko mita 1,035. Kutoka kituo kile cha juu hakuna mteremko wa anayeanza; kuna Vallée Blanche, kilomita zipatazo 20 juu ya barafu yenye mipasuko, na unakwenda na kiongozi wa milima mwenye leseni. Nambari ile kubwa haimsaidii chochote mtoto wako wa miaka saba. Atajifunza kule chini, kwenye uwanja wa wanaoanza, na mvua ikinyesha pale, inamnyeshea yeye.

Kwa hiyo ulizeni nambari tatu: kijiji kiko mita ngapi, uwanja wa wanaoanza uko mita ngapi, na kituo cha juu kabisa kiko mita ngapi. Ya kati ndiyo yenu. Kipeperushi kitatangaza ya tatu.

Hesabu yake si ngumu. Kwa wastani joto hushuka karibu nyuzi 0.65 kila unapopanda mita 100. Kitzbühel mjini ni kama mita 760. Obergurgl, humu humu Tirol, ni mita 1,930. Kitzbühel ikiwa na nyuzi 6 na mvua, Obergurgl hesabu inakupa kama nyuzi moja na nusu chini ya sifuri, na wingu lile lile linamwaga theluji. Ni siku moja, mkoa mmoja, likizo mbili tofauti kabisa. Kitzbühel ni mji mzuri sana, wenye historia, na mbio zake za skii za Hahnenkamm kila Januari hazina mfano. Mwishoni mwa Januari nitakupeleka kwa moyo mmoja. Wiki ya Krismasi, ukiwa na watoto ambao hawajawahi kugusa theluji, sitakupeleka.

Mita peke yake nazo hazitoshi. Tazama mteremko umeelekea wapi. Mwishoni mwa Desemba jua la saa sita mchana huku halipandi zaidi ya nyuzi kama 20 juu ya upeo wa macho, kwa hiyo halina nguvu popote. Ikifika Machi 21 limefika kama nyuzi 43, na hapo mteremko wa kusini na wa kaskazini ni dunia mbili. Chukua mteremko wa kusini, mwisho wa Machi, anga safi. Saa mbili na nusu asubuhi umeganda kama ulivyoachwa jana: kila alama ya skii imekuwa tuta gumu, kingo za chuma zinakwaruza, magoti yanatetemeka. Saa nne na nusu uso unalainika, sentimita mbili tatu tu, na kwa saa moja hivi hakuna raha inayozidi hiyo: skii inakata kona yenyewe bila kelele. Saa saba imekuwa uji. Miguu inazama, inavutwa, na hapo ndipo magoti ya watu wazima yanapoumia. Anayejua anahamia upande wa kaskazini, ambako theluji bado kavu, au anakwenda kula. Asiyejua anaandika mtandaoni kwamba Machi theluji ni mbaya.

Nikisema mpande juu, kuna gharama ambayo wauzaji hawaitaji. Val Thorens, Ufaransa, iko mita 2,300, na hakuna mji wa skii Ulaya unaoishinda kwa urefu. Theluji ni ya uhakika na msimu hufika mwanzoni mwa Mei. Miti hakuna. Wingu likitua, anga na ardhi vinakuwa rangi moja, huoni mteremko unaanzia wapi, na kuna watu wanaopata kichefuchefu kwa kukosa cha kuangalia. Kijiji cha chini chenye msitu kingekuokoa siku hiyo, kwa sababu miti inakuonyesha umbo la mlima. Halafu kuna usingizi. Mtu wa Nairobi amezoea karibu mita 1,700, kwa hiyo Zermatt ya Uswisi, yenye mita 1,620, haimsumbui. Anayetoka Dar au Muscat na kulala Val Thorens usiku wa kwanza anaweza kuamka na kichwa kinauma, na tayari amelipia mwalimu wa saa tatu asubuhi. Mimi mwenyewe nayumba kila ninapopanga familia ya wanaoanza: urefu kwa ajili ya theluji, au msitu kwa ajili ya macho na usingizi? Kwa Desemba nachagua urefu. Kwa Februari nachagua msitu. Kwa Machi nabadilisha mawazo kila mwaka.

Na msinielewe vibaya: kuna miaka Krismasi inapendeza na Machi inaharibika. Januari 2018 theluji ilianguka nyingi hadi njia za kwenda Zermatt zikafungwa na maelfu ya wageni wakakwama mjini. Utabiri wa msimu unaotolewa Agosti haunisaidii kupanga chochote. Ninachouza ni uwezekano mkubwa zaidi, na anayekuahidi zaidi ya hapo anataka malipo ya awali.

Basi mwende lini? Katikati ya Januari ni kimya, bei nafuu, baridi kali, siku fupi. Februari theluji ni nzuri, lakini ndiyo likizo ya shule za Ufaransa (kwa kanda, zinapishana), za Uingereza, Uholanzi na miji mingi ya Uswisi. Jumamosi ya Februari, barabara ya Albertville kwenda Moûtiers, inayopanda kwenye milima ya skii ya Ufaransa, ni foleni tu, kwa sababu nyumba nyingi Ufaransa hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi na kila mtu anaingia na kutoka siku moja. Tafuta hoteli inayokubali Jumapili, au panda treni. Wiki mbili za kwanza za Machi zikishapita likizo hizo, ndizo ninazozipenda: theluji ipo kwa kina, mchana ni mrefu, foleni za lifti zimepungua.

Wateja wangu Waislamu, hili ni lenu. Idi el-Fitri ya mwaka 2027 inatarajiwa karibu na tarehe 10 Machi, mwezi ukiandama. Inaangukia ndani kabisa ya wiki hizo. Hamtaipata kila mwaka, kwa sababu mwaka unaofuata inarudi Februari kwenye msongamano. Muscat wameshaanza kuniuliza, Zanzibar bado.

Wanaofuata Pasaka, angalieni kalenda kabla ya kuchagua mji. Pasaka ya 2027 ni Machi 28, ya 2028 ni Aprili 16. Ya kwanza inaruhusu vijiji vingi vya kuanzia mita 1,500. Ya pili, nendeni Obergurgl, Val Thorens au Zermatt, na kwingine msinisumbue.

Haya mengine kwa haraka. Viza ya Schengen unaweza kuomba miezi sita kabla ya safari, na usipitishe siku 15 za mwisho. Bima yake lazima ifikie euro 30,000 za matibabu. Soma hiyo bima mstari kwa mstari, maana nyingi za bei rahisi haziingizi michezo ya theluji, na gharama ya helikopta ya uokoaji Austria unaweza kudaiwa wewe. Italia inadai bima ya madhara kwa wengine tangu 2022. Rangi za njia huonyesha ugumu wake: Ufaransa wana kijani, iliyo rahisi kabisa, kabla ya bluu, Austria na Uswisi wanaanzia bluu, kwa hiyo bluu ya huku si lazima iwe sawa na bluu ya kule. Viatu na skii kodi huko huko, usinunue. Miwani na mafuta ya jua ni lazima hata kwa ngozi nyeusi. Theluji mpya inarudisha sehemu kubwa ya miale ya jua usoni. Aliye mbele yako mteremkoni ndiye mwenye haki ya njia, daima.

Na ambaye likizo yake ni Desemba tu, kwa sababu shule zimefunga Nairobi na Dar, hiyo ni sababu ya kweli na naiheshimu. Niambie hivyo, usiniambie habari ya theluji. Tutachagua uwanja wa wanaoanza ulio juu ya mita 1,800, tutaweka nafasi ya mwalimu mapema kuliko hoteli kwa sababu wiki hiyo walimu ndio wanaoisha kwanza, na tutanunua tiketi ya lifti ya siku moja moja badala ya wiki nzima, ili siku ya foehn mwende kuoga maji ya moto kule Längenfeld, humu humu Tirol. Ukiniandikia, anza na umri wa watoto, nani hajawahi kuvaa skii, na wiki zote mlizo huru. Jina la mji nitalileta mimi.